Kufundisha sayansi darasani mwenye wanafunzi 80: nidhamu huanzia kwenye andalio la somo

Mwanzisha uzi

Ndugu walimu, wazazi na wote mnaofuatilia masuala ya elimu, nawasalimu.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kata. Mijadala yetu kuhusu ufundishaji wa sayansi huishia mara nyingi kwenye malalamiko mawili: maabara hazina vifaa, na wanafunzi hawana nidhamu. Yote mawili yana ukweli, lakini leo naomba tujadili sehemu iliyo mikononi mwa mwalimu mwenyewe, hata pale ambapo chumba kimejaa wanafunzi 80 na kabati la vifaa ni tupu. Hoja yangu ni kwamba vurugu nyingi za kipindi cha sayansi huzaliwa katika zile dakika ambazo mwanafunzi hana jambo la kufikiri wala la kufanya, na kwamba dakika hizo hupunguzwa wakati wa kuandaa somo, kabla mwalimu hajafungua mlango wa darasa.

Mtafiti wa Marekani Jacob Kounin, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1970, alichunguza madarasa kwa kutumia picha za video ili kujua walimu wenye madarasa tulivu wanakemea namna gani. Aligundua kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha na wenzao. Kilichowatofautisha ni mambo yaliyotangulia kosa: waliona kinachotendeka kila upande wa chumba na wanafunzi wakajua kwamba wanaonekana, waliweza kumsaidia mwanafunzi mmoja bila kuwaacha wengine wakining'inia, na waliwahamisha wanafunzi kutoka kazi moja hadi nyingine bila kusuasua. Kwa mwalimu wa sayansi hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sisi tunagawa vifaa, tunaunda makundi, tunasubiri maji yachemke, tunakusanya vifaa. Kila hatua kati ya hizo ni upenyo ambao somo linaweza kuvujia.

Nitoe mfano mmoja kwa ukamilifu, kwa sababu maneno ya jumla hayamsaidii mtu anayeingia darasani kesho saa mbili.

Chukua somo la pendulumu. Vifaa ni uzi wa kushonea, mawe, rula na saa moja tu, ambayo inaweza kuwa simu ya mwalimu. Kabla kifaa chochote hakijagawiwa, mwalimu husimama mbele akiwa na jiwe lililofungwa kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, akalibembeza kidogo, kisha akauliza: nikifunga jiwe zito zaidi kwenye uzi huuhuu, litakwenda na kurudi upesi zaidi, polepole zaidi, au vilevile? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake na sababu yake kwenye daftari kwa dakika mbili, bila kuzungumza na jirani. Kisha wananyoosha mikono kwa kila jibu na mwalimu anaandika idadi ubaoni. Wengi huchagua kwamba jiwe zito litakwenda upesi, na mwalimu hapaswi kutikisa kichwa wala kutabasamu.

Sasa ndipo maelekezo ya kazi yanapotolewa, yakiwa yameandikwa ubaoni kwa mistari minne, na mwanafunzi mmoja anayarudia kwa sauti. Utaratibu huu ni muhimu sana, kwa maana jiwe na uzi vikishafika mezani sauti ya mwalimu haisikiki tena. Darasa la wanafunzi 80 lina makundi 16 ya watu watano, na kila kundi hutuma mtu mmoja tu kuchukua vifaa. Kwa kuwa saa ni moja, hatuwaambii wapime muda wa mibembeo 20. Tunawaambia wahesabu mibembeo kamili, yaani kwenda na kurudi, ndani ya sekunde 40. Mwalimu anasema "anza", makundi yote yanaanza pamoja, anasema "simama", yote yanasimama. Uzi wa mita 1, ukipimwa kutoka pale ulipofungwa hadi katikati ya jiwe, hutoa mibembeo 20 hivi. Jiwe zito linaleta 20 pia. Katika zile sekunde 40 chumba huwa kimya, kwa sababu anayezungumza anapoteza hesabu ya kundi lake.

Swali la pili linafuata palepale: uzi ukifupishwa hadi sentimita 25, yaani robo ya urefu wa kwanza, tutapata mibembeo mingapi? Wanaandika tena. Wengi hutabiri 80, kwa hoja kwamba urefu umepungua mara nne. Wanapata 40, yaani mara mbili tu, na mbili ni kipeuo cha pili cha nne. Kipeuo cha pili kinaingia somoni hapo kwa haki yake, kwa sababu darasa zima limekutana na jambo linalokihitaji, na fomula ambayo kwa kawaida hunakiliwa bila kuulizwa inakuwa jibu la fumbo ambalo wanafunzi wenyewe wamelishika mikononi.

Utaratibu huu wa kutabiri, kutazama na kueleza uliwekwa wazi na Richard White na Richard Gunstone wa Australia katika kazi yao ya mwaka 1992. Nauthamini kwa sababu mwanafunzi aliyeandika utabiri wake anataka kujua kama amepatia, na mwenye shauku hiyo hana haja ya kumsumbua jirani. Lakini hatua ya kueleza ndiyo inayorukwa na wengi wetu muda unapobaki kidogo, na ikirukwa, somo linabaki kuwa maonyesho. Ni heri kufuta jaribio moja kuliko kufuta dakika kumi za maelezo.

Jambo la mwisho ni maswali. Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu huuliza swali na kusubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba kusubiri kukirefushwa hadi sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka, wanafunzi waliokuwa wakinyamaza huanza kujibu, na maswali yao wenyewe huongezeka. Hili halihitaji bajeti ya mtu yeyote.

Kuhusu maswali yanayotoka kwa wanafunzi, nchi yetu ina funzo ambalo dunia nzima inalifahamu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto wakati wenzake waliupoza kwanza, na wake ukaganda mapema. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliambiwa na mwalimu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu, na wanafunzi wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa ya kumtania. Alipotembelewa shuleni na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akauliza tena mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne alikwenda kulijaribisha swali hilo kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo. Makala ya Burridge na Linden ya mwaka 2016 ilisema haikupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea kwa maji ya kawaida. Ubishi huo haupunguzi thamani ya swali hata kidogo. Mwalimu anayeogopa kwamba kukiri "silijui, tulijaribu" kutamvunjia heshima anapaswa kuangalia nani katika kisa hiki anakumbukwa kwa heshima.

Mimi hutenga upande wa kulia wa ubao kwa maswali tusiyoweza kuyajibu siku hiyo, na kiranja huyanakili kwenye daftari la darasa kabla ubao haujafutwa. Mwanafunzi anayeona swali lake limeandikwa hatafuti njia nyingine ya kujulikana.

Naomba michango, hasa kutoka kwa walimu wa kemia na baiolojia, ambako moto na tindikali huleta sura tofauti. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa kemia

Nakushukuru, mwalimu mwenzangu, kwa uzi huu. Kwenye kemia, usimamizi wa darasa ni suala la usalama wa macho na ngozi za watoto wa watu, kwa hiyo sina budi kuongeza ukali kidogo kwenye uliyoyasema.

Jaribio la kupima ujazo wa tindikali na besi kwa bureti, yaani bomba refu la kioo lenye vipimo na koki, lina kazi nyingi kwa wakati mmoja: kujaza bureti, kutoa hewa kwenye ncha yake, kusoma kiwango kwa jicho lililo sawa na uso wa kimiminika, kutumia pipeti, kuongeza kionyeshi (kinachobadili rangi), kutikisa chupa huku ukifungua koki tone kwa tone, kutambua rangi, kuandika, kukokotoa. Alex Johnstone, mtafiti wa elimu ya kemia wa Glasgow, Uskoti, alieleza kwa muda mrefu kwamba akili ya mwanafunzi ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na kwamba maabara huijaza nafasi hiyo kiasi kwamba anafuata maelekezo bila kufikiri. Mwanafunzi aliyefikia hali hiyo ndiye anayesimama akizungumza na kundi la pili, nasi tunasema hana nidhamu.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha bureti ninakifanya kwa maji matupu. Hakuna tindikali wala hesabu; kazi yao ni kujaza, kusoma na kutoa sentimita za ujazo 10 kamili, kisha kundi jirani linahakiki. Kipindi cha pili wanapewa kemikali, na mikono tayari imezoea. Kemikali zinazookolewa kwa njia hii si kidogo, na shule zetu zinajua bei yake.

Maabara yetu inabeba nusu ya mkondo. Nusu moja inafanya jaribio, nusu nyingine inakaa upande wa pili na data zilizokwisha kupimwa, ikikokotoa na kuchora jedwali, kisha wanabadilishana kipindi kinachofuata. Kazi ya waliokaa inasahihishwa kama ya waliosimama. Isiposahihishwa, wataigundua kuwa ni kazi ya kuwanyamazisha.

Kuna makatazo ambayo sijadiliani na mwanafunzi yeyote. Tindikali humiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye tindikali kali. Pipeti haivutwi kwa mdomo. Kama kipira chake hakipo, tunatumia bomba la sindano lisilo na sindano. Nywele hufungwa na ncha za hijabu huchomekwa ndani. Spiriti haichemshwi juu ya moto ulio wazi, jambo ambalo wenzangu wa baiolojia wanalijua wanapopima wanga kwenye jani: jani huwekwa kwenye bomba la majaribio lenye spiriti, na bomba hilo huwekwa kwenye maji ya moto baada ya moto kuzimwa. Makatazo haya hayaongezeki kila wiki. Yakiwa machache na yakasimamiwa siku zote, wanafunzi wenyewe hukumbushana.

Kwa shule zisizo na vionyeshi, maji ya maua makavu ya rozela, ambayo sokoni huitwa choya, hubaki mekundu kwenye ndimu na kubadilika kuwa ya kijani kwenye maji ya majivu. Waulize kwanza watabiri itakuwaje kwa maji ya sabuni na kwa maziwa yaliyoganda.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, nimewasoma kwa makini, lakini naona mnasahau kalenda. Muhtasari ni mrefu, kipindi kimoja ni dakika 40, na mwisho wa yote shule hupimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani. Mwalimu anayetumia kipindi kizima kwa mawe mawili na uzi atafika mwezi wa tisa akiwa na mada nne hazijafundishwa, na mkuu wa shule atamuuliza yeye, hatamuuliza White wala Gunstone. Nukuu za ubaoni zina sababu yake. Tena wanafunzi wa kidato cha kwanza wametoka kusoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi. Ukiwaambia waeleze kwa Kiingereza kwa nini utabiri wao haukutimia, utapata ukimya ambao si wa kufikiri.

Mwanzisha uzi

Ndugu mchangiaji, hoja zako ni za mtu aliyeko kazini, na sitazijibu kwa wepesi.

Kuhusu muda, sipendekezi kila kipindi kiwe hivi. Ziko mada ambazo maelezo mafupi, mfano mmoja uliokokotolewa ubaoni na mazoezi vinatosha kabisa, na kuzifanyia maonyesho ni kupoteza muda kweli. Jaribio ninaliweka pale ambapo wanafunzi huja na imani iliyokwisha kuota mizizi: kwamba kizito huanguka upesi zaidi, kwamba umeme hutumika na kuisha unapopita kwenye balbu ya kwanza, kwamba mmea hupata chakula chake kutoka ardhini, kwamba blanketi hutengeneza joto. Imani za namna hii haziondolewi na nukuu. Mwanafunzi huandika sentensi sahihi kwenye mtihani wa wiki, na mwaka unaofuata anarudi na imani yake ileile, nasi tunafundisha upya. Hapo ndipo muda unapopotea, na kwenye azimio la kazi hauonekani.

Zaidi ya hayo, mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya vitendo. Pendulumu, springi na jiwe, kipande cha kioo na pini, waya wa ukinzani: mambo haya hurudi mara kwa mara katika maandalizi ya mtihani huo. Mwanafunzi aliyeyaona kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani hana alichookoa.

Kuhusu lugha, ninakubaliana nawe kwa moyo wote, na nadhani hapa tunaumiza watoto. Hatua ya kufikiri ninaiachia Kiswahili. Makundi yanabishana kwa Kiswahili, yanakubaliana juu ya maelezo, kisha tunaitengeneza pamoja ubaoni sentensi ya Kiingereza ambayo mtihani utaidai, nao wanaiandika. Mwanafunzi anayebeba wazo tayari hutafuta maneno yake kwa bidii. Asiye na wazo hukariri sauti tu. Mwalimu anayekataza Kiswahili kabisa katika kipindi cha sayansi cha kidato cha kwanza atapata darasa tulivu sana, na utulivu huo utamdanganya.

Mzazi na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini hamkukitaja kiboko, nacho kipo. Nimeona walimu vijana wakiingia maabara na fimbo kama sehemu ya vifaa. Sheria inayotuongoza inatokana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kanuni zake za adhabu ya viboko za mwaka 2002: viboko havizidi vinne, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na huandikwa kitabuni. Hakuna mahali panapomruhusu mwalimu wa somo kumchapa mtoto kwa sababu amejibu vibaya. Mtoto aliyechapwa kwa jibu lisilo sahihi hatatabiri tena, atasubiri aandikiwe. Na mtoto mwenye hofu aliyeshika chupa ya tindikali ni hatari kuliko mtoto mtundu.

Mwalimu kutoka Kenya

Hamjambo ndugu zetu. Kwetu adhabu ya viboko imekatazwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema hivyo bayana, kwa hiyo mwalimu analazimika kutafuta njia nyingine. Ningependa kuongeza uzoefu wa mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Japani, ukilenga ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Kazi hiyo huendelezwa na CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kilichoko Karen, Nairobi. Mradi ulisisitiza nguzo nne: shughuli, mwanafunzi kuwa kiini cha somo, majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vinavyopatikana. Mzunguko wake ulikuwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha.

Sehemu ya kutazama ndiyo iliyonifaa mimi. Mwenzako anaketi nyuma ya darasa na karatasi, anaandika kila mahali wanafunzi waliposubiri na kilichosababisha. Hakukadirii alama. Mwalimu aliye mbele haoni jinsi meza za nyuma zinavyokaa bila vifaa huku yeye akiendelea kueleza. Naungana na mwanzisha uzi, ila ningeonya kwamba kubuni vifaa kunachosha sana kama kila mwalimu anafanya peke yake. Idara ikitunza sanduku moja kwa kila mada, lenye uzi uliokwisha kukatwa, mawe yaliyopimwa na karatasi ya maelekezo, mwalimu wa mwaka ujao hataanza upya.

Mwalimu wa baiolojia

Nami niongeze la makundi. Yakiachwa yajipange yenyewe, wavulana hushika vifaa na wasichana huandika. Nimeliona katika kila shule niliyofundisha, na husababisha msichana mwenye mwandiko mzuri kumaliza kidato cha nne bila kurekebisha darubini kwa mkono wake. Mimi ninatoa namba 1 hadi 5 katika kila kundi, na kazi za namba hizo huzunguka kila kipindi cha vitendo: mchukua vifaa, mtendaji, mhakiki wa vipimo, mwandishi, msemaji. Msemaji haitwi kwa kunyoosha mkono; naitaja namba tu, kwa hiyo kundi zima lina sababu ya kuhakikisha kwamba yeyote kati yao anaweza kueleza.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: unafanya nini na yule mwanafunzi mmoja ambaye, pamoja na maandalizi yote haya, huharibu kazi ya kundi lake kila mara?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, mpango wako wa namba nitauchukua, na namshukuru mwenzetu wa Kenya kwa sanduku la mada.

Kuhusu mwanafunzi huyo, kwanza simkemei kutoka mbele ya ubao, kwa kuwa nikifanya hivyo nimewasimamisha wanafunzi 79 kwa ajili ya mmoja na nimempa hadhira. Natembea hadi kwenye kundi lake, nasimama karibu, namuuliza kwa sauti ya chini swali la kazi: mmepata mibembeo mingapi? Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, namwondolea kifaa na si somo; anabaki kwenye kundi akiwa mwandishi, na ataruhusiwa kushika kifaa tena kipindi kijacho. Kwenye kemia, kama kuna hatari, anatolewa kwenye meza ya kemikali mara moja na kupewa data za kukokotoa, bila majadiliano.

Kisha tunazungumza baada ya kipindi, wawili tu. Wengine nimegundua hawaoni ubao na hawajawahi kumwambia mtu. Wengine wametembea kutoka mbali bila kula chochote. Wako pia ambao wameshaelewa jambo na wanachoshwa na mwendo wetu. Hao nawapa swali moja kutoka kwenye daftari la maswali na kuwataka waje na namna ya kulijaribu kwa vifaa tulivyonavyo. Anayerudia baada ya hapo anakwenda kwa mwalimu wa darasa na mzazi anaitwa, na ninapokutana na mzazi ninakwenda na daftari la mtoto mkononi, ili tuanze na kazi aliyoifanya kabla ya kufika kwenye makosa.

Wenye mifano ya mada nyingine, hasa umeme na usharabu wa maji kwenye mimea, naomba mwiandike hapa kwa hatua, mkitaja na vifaa mlivyotumia.